Mwaka wa Jiko la Chupa

Nilimpokonya nesi kalamu mkononi. Sikuomba, sikusema samahani. Ilikuwa asubuhi ya siku ya kliniki, mabenchi yamejaa akina mama na mabegi yao ya nepi, na Anje wangu ananing'inia kwenye mzani ndani ya ile kaptula ya bluu ya kupimia, analia, mkono wa kushoto umefungwa bandeji. Nesi alifungua kadi yake, akateremsha kidole mpaka sehemu ya maelezo, akasoma kwa sauti ya mtu anayeita majina ya wanafunzi: "Ameungua moto mkono wa kushoto. Uzembe wa mama." Akanyanyua uso. "Mama ndiyo wewe?" Mabenchi yote yakageuka. Nyuma yangu alikuwa amesimama mama mkwe, aliyetoka Mbinga kuja kumwona mjukuu. Mama mkwe hakujua kusoma, kwa hiyo neno lile lilikuwa limelala kwenye kadi wiki tatu nzima, yeye akisikia tetesi tu, na mimi nilikuwa nimelifunika kwa khanga, kwa mkoba, kwa kila nilichoweza. Sasa lilimfikia. Akanigusa bega. "Umesikia? Siyo mimi ninayesema. Serikali ndiyo inasema." Hapo ndipo nilipoichukua kalamu na kuanza kulikata lile neno. Nilifika nusu. Nesi akaivuta kadi mpaka ikachanika pembeni. "Wewe! Hii ni nyaraka ya serikali!" Nikamwambia, "Na huyo kwenye mzani ni mtoto wangu." Akaniangalia kama anayeangalia mlevi. "Ukiwa na malalamiko, andika barua." Nikasema nitaandika. "Haya, andika," akasema, na wenzake wakacheka.

Imepita miaka sita. Mwezi uliopita Mwalimu Hadija, jirani yangu wa mwaka ule, alipita Songea kufuatilia makaratasi yake ya utumishi, maana alishahamishwa kurudi kwao Tanga, akaja kunitafuta. Alikaa kitandani kwangu kama zamani, kikombe cha chai mkononi, akaangalia juu ya kabati. "Mama Anje, lile lidude bado unalo?" Nikamwambia jiko ninalo. "Alhamdulillahi, na mtoto unaye," akasema, tukacheka, halafu wote wawili tukaangalia tena juu ya kabati. Anje aliingia na sare za shule, yuko darasa la pili sasa, akatoa shikamoo kwa adabu, akafuata macho yetu mpaka juu ya kabati. "Mama, ndilo lililoniunguza?" Mimi mdomo wangu unajulikana mtaa mzima, sijawahi kukosa la kumjibu mtu. Siku hiyo nilisema ndiyo, halafu nikasema hapana, halafu nikamwambia avue sare kabla hazijachafuka. Kwa hiyo ninaandika. Nimesoma mpaka kidato cha nne, na kuandika ninakuweza kuliko kueleza nikiwa na hasira, na hasira ya mwaka ule bado ninayo.

Jiko lenyewe lililetwa na Baba Anje. Walikuja watu wa kuhesabu ndege kwenye msitu wa milima ya Matogoro, wakapiga mahema huko wiki kadhaa, naye akapata kibarua cha kuwabebea mizigo. Walipoondoka wakamwachia kama zawadi. Alilitoa kwenye mfuko mdogo kama wa kutunzia viatu, nikaona chupa ya bati nyekundu iliyopauka, pampu ndogo ya kuingia mdomoni mwa chupa, mrija mwembamba wa chuma, na kichwa cha jiko chenye miguu mitatu ya kukunja, kidogo kiasi cha kukaa kiganjani. Nikamuuliza, "Hili linapika nini, yai?" Akasema wale watu walikuwa wanachemshia chai juu kabisa mlimani, kwenye upepo, kwa mafuta ya taa ya kawaida. Nikasema sawa, tuone. Mwezi uliofuata yeye akapata kazi kwenye machimbo ya makaa ya mawe, akawa anarudi mara moja kwa mwezi na kucha nyeusi. Tukabaki watatu kwenye chumba kile cha mtaa wa Ruhuwiko, mimi na Anje na jiko.

Chumba nitakieleza, maana bila chumba hakuna anayeelewa. Vilikuwa vyumba vinne kwenye korido moja, changu cha mwisho, cha Mwalimu Hadija kikitazamana nacho. Mama mwenye nyumba alikuwa ameweka dari mpya ya jipsamu, nyeupe mpaka inaumiza macho, na alikuwa anaipenda kuliko wapangaji. Mkaa ndani marufuku. Kuni usitaje. Kupika ni kwenye jiko la nje, kibanda cha matofali uani. Lakini mahindi yalipovunwa alihamishia magunia yake yote kwenye kile kibanda, mpaka mlangoni, akafunga kufuli. Tulipomuuliza tukapikie wapi, akasema, "Kwani mahindi yatalala wapi, nje?" Ndivyo ilivyo kwetu msimu wa mavuno, mahindi yana heshima, watu watajibana. Wenye jiko la gesi wakajifungia vyumbani kwao. Mimi nikamwita mama mwenye nyumba aje aone jiko langu. Alisimama mlangoni na mikono kiunoni, akaangalia moto wa bluu, akaangalia dari, akapitisha kidole chini ya sufuria, kikatoka safi. "Hili halina masizi," akasema. "Basi pika. Lakini dari yangu nitakuwa naiangalia." Mtoto aliyekuwa anacheza miguuni pake hakumwangalia.

Na kweli jiko lile lilikuwa safi, kwa sababu nililijua. Kwanza unajaza chupa, siyo mpaka juu, unaacha nafasi ya hewa. Unapiga pampu mara ishirini, thelathini, mpaka inakuwa ngumu kwa dole gumba. Unafungua koki kidogo, mafuta yanadondoka kwenye kikombe chini ya kichwa cha jiko, unafunga. Unaweka kipande cha kitambaa cha pamba, unawasha kiberiti, unasubiri. Mafuta ya taa ni mavivu. Yanaanza kwa kusitasita, moto wa njano mdogo unaolamba pembeni, mpaka chuma kipate joto. Hapo ndipo unafungua koki tena, polepole, na moto unageuka bluu na jiko linaanza kuunguruma. Ukiharakisha linatema moto. Ngozi ya pampu ilipokauka, fundi viatu wa Majengo alinikatia nyingine kutoka kwenye ulimi wa kiatu, nikawa naipaka mafuta ya mgando kila Jumapili baada ya misa. Tundu lilipoziba nilizibua kwa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli. Fundi bati akanitengenezea kizuia upepo. Kufikia mwezi wa nne nilikuwa naweza kujua kwa sikio tu kama mafuta yamebaki robo, kama tundu lina uchafu, kama ugali utaiva kabla pampu haijalegea. Maharage niliyaloweka usiku kucha ili yasimalize mafuta. Dagaa wa Nyasa niliwakaanga kwa dakika chache, na likolo, mboga ya majani ya kwetu, ilikuwa inaiva kabla Mwalimu hajamaliza kusali.

Kelele za jiko ndizo zilizonifundisha watu. Jiko likiunguruma, korido nzima ilikuwa inapandisha sauti. Mwalimu Hadija alikuwa anasahihisha madaftari mlango wazi, ananipigia kelele, "Mama Anje, zima hilo treni, nimemnyima mtoto wa watu maksi!" Nami namjibu, "Mnyime tu, kama ni zake atazipata!" Mlangoni kwangu alikuwa anaonja mboga yangu, anasema imekosa nazi, namwambia nazi kwetu Songea ni mgeni, aifuate kwao Tanga. Tulikuwa tunataniana hivyo kila siku. Lakini ukifunga koki, jiko halikomi palepale, linapumua, linashuka, linakufa taratibu, na watu hawana habari. Wanaendelea kusema kwa sauti ileile kana kwamba treni bado linapita. Hivyo ndivyo nilivyojua mama mwenye nyumba ananiita "yule mchemsha petroli", na chumba cha pili wanajua Baba Anje hakutuma kitu mwezi ule. Nilikuwa namaliza kupika na nakaa kimya dakika moja, nasikiliza. Sijivunii, lakini sikuwa na redio.

Mafuta nilinunua dukani kwa Mangi, hatua chache tu kutoka getini. Alikuwa mtu wa Njombe, ila duka likishakuwa na kila kitu mwenyewe anaitwa Mangi, kama Mchaga, hata akikataa. Alikuwa na madumu mawili ya njano nyuma ya kaunta, yale ya mafuta ya kupikia, yanafanana kama pacha. Moja la mafuta ya taa, la pili la petroli ya bodaboda, ambayo alikuwa anaipima kwenye chupa za maji na kuzipanga juu ya meza barabarani. Dumu la petroli alilifunga kitambaa chekundu kwenye mkono. Hiyo ndiyo ilikuwa alama. Kitambaa.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, mchana, mvua za mwisho mwisho. Nilikuwa na mafua. Anje alikuwa na njaa tangu saa tano, analia ule wimbo wake wa "ugaali, ugaali", na mimi nilikuwa nimechelewa kwa sababu nilifua kwanza. Nilipeleka chupa kwa Mangi, akajaza, nikarudi. Nikapiga pampu, sufuria ikiwa tayari juu ya jiko. Nikafungua koki, mafuta yakadondoka kwenye kikombe. Na nitaandika hili hapa, kwa sababu ndilo ambalo sikumwambia mtu wiki tatu nzima: nilinusa. Kulikuwa na harufu nyembamba, kali, inayopanda puani haraka kuliko mafuta ya taa. Niliinusa, nikasimama na kijiti cha kiberiti mkononi, nikajiambia ni mafua. Anje alikuwa nyuma yangu, nilimweka kwenye kigoda karibu na kitanda, mahali alipokaa kila siku. Nikawasha. Moto haukusitasita. Uliruka mpaka usawa wa uso wangu na sauti kama shuka nzito inayokung'utwa, ukageuka upande, na Anje alikuwa ameshashuka kwenye kigoda anakuja kuangalia. Nilivuta khanga kiunoni nikamzungushia. Mwalimu Hadija aliingia na ndoo ya mchanga ya maua yake akaimwaga yote juu ya jiko, maua kwa mchanga. Chini ya sufuria palikuwa peusi tii. Mwaka mzima palikuwa safi, siku hiyo peusi.

Zahanati walimhudumia vizuri, hilo siwezi kulikataa. Walimwosha, wakampaka dawa, wakamfunga, wakasema kovu litabaki lakini vidole vitafanya kazi. Mhudumu aliyekuwa anaandika alikuwa kijana, hata hakukaa. "Imekuwaje?" Nikamwambia, jiko limelipuka, mafuta yalikuwa siyo. "Jiko la namna gani?" Nikamweleza, la chupa, la pampu. "La kienyeji?" "La kizungu." Akatabasamu. "Na mtoto alikuwa wapi?" Nikasema, karibu. Akaandika. Nilikuwa nimempakata Anje, sikusoma mpaka nilipofika nyumbani. Maneno matatu. Hakuuliza mafuta nilinunua wapi, wala kwa nini mama mwenye mtoto anapika chumbani. Aliona msichana wa miaka ishirini na moja mwenye nyusi zilizoungua, akaona hiyo inatosha.

Mama mkwe alifika Jumapili iliyofuata na kikapu cha viazi na kilo mbili za kahawa. Alimpakata Anje, akambusu bandeji, akalia. Mimi nilimpenda kwa machozi yale. Kwa siku nne alinisaidia kila kitu. Nilikuwa nimelisafisha jiko tundu kwa tundu, nikamwaga yale mafuta mabaya kwenye chupa ya soda na kuyafunga, nikanunua mengine Majengo, kwa sababu mahindi bado yalikuwa yamelala kwenye kibanda na sisi bado tulikuwa tunahitaji kula. Anje nilimfungia kwa Mwalimu kabla hata ya kugusa kiberiti. Siku ya tano nikamaliza kupika uji wa ulezi, nikafunga koki, jiko likaanza kushuka, na nikasikia mama mkwe uani anaongea na mama mwenye nyumba kwa ile sauti ya kushindana na treni.

"Nitamchukua. Kadi ya hospitali nasikia imeandikwa vibaya. Akikua Mbinga hataungua."

"Mchukue, mama. Huyu binti bado mtoto mwenyewe. Na dari yangu nayo imeona moshi."

"Mwanangu nitamwambia mwisho wa mwezi. Karatasi ikishasema, atabisha nini?"

Uji ulipoa mkononi. Niliwaza kutoka niende uani nikaseme yote, nikajua kabisa nikitoka nitasema ya kunishushia hadhi. Nikaenda kwa Mwalimu badala yake, nikafunga mlango. Nikamwambia, "Wanamchukua Anje kwa neno moja la kijana asiyekaa hata chini." Mwalimu hakuniambia nisubiri wala Mungu mkubwa. Aliuliza, "Yale mafuta unayo bado?" Nikamwonyesha chupa ya soda. "Tuyapime," akasema. "Nafundisha sayansi, nitumie basi."

Tulifanya uani asubuhi yake, mbali na nyumba, mbele ya mama mkwe na mama mwenye nyumba na yeyote aliyetaka kuangalia. Mwalimu alichana ukurasa wa daftari. Akadondosha tone la mafuta ya Majengo upande huu, tone la chupa yangu upande ule, akaliweka karatasi juani. Tukasubiri. Tone la Majengo lilitanda, likabaki doa la mafuta unaloweza kuona mwanga kupitia kwake. La pili lilijikunja, likakauka katikati, likaacha duara jembamba kama alama ya glasi. Halafu akaweka chini visahani viwili vya mafuta yaleyale, akatuambia turudi nyuma, akafunga kijiti kwenye ncha ya ufito mrefu, akakiwasha. Kwenye cha kwanza kijiti kilifika mpaka juu ya mafuta, kikazubaa. Kwenye cha pili moto ulikidaka kijiti kabla hakijafika. Watu wakasema "Eee!" Mama mwenye nyumba akasogea nyuma, akaangalia paa lake. Mama mkwe aliendelea kukiangalia kile kisahani mpaka kilipozimika chenyewe.

Nikaenda kwa Mangi na karatasi lile. Nilimsalimia, sikumkosea. "Mangi, chupa za petroli zisizouzwa jioni unapeleka wapi?"

"Narudisha kwenye dumu. Nizimwage?"

"Dumu lipi?"

Aligeuka. Madumu mawili ya njano, yamesimama pamoja, na hakuna hata moja lenye kitambaa. Kitambaa chekundu kilikuwa juu ya kaunta, mke wake alikuwa ametoka kufutia mizani. Aliangalia kitambaa, akaangalia madumu, na niliona kabisa amejua. Halafu akacheka, cheko la mtu anayetaka na mimi nicheke. "Mdogo wangu, mafuta ni mafuta. Yote yanawaka. Tatizo ni hilo jiko lako la kwenye mahema." Nikamwambia jiko langu limewaka mwaka mzima bila kumgusa mtu. Akaanza kumhudumia mteja mwingine. Nilitoka pale nikiwa nimesimama wima, nikafika getini nikakaa chini kwenye vumbi.

Kwa hiyo siku ile ya kliniki, nilipochukua kalamu, haikuwa kwamba nimechanganyikiwa. Wiki mbili nzima nilikuwa na majibu na hakuna aliyeniuliza swali. Tuliporudi kutoka zahanati mama mkwe alikuwa anatembea mbele amembeba Anje, mimi nyuma na kadi iliyochanika, mpaka ndani. Akaanza kukunja nguo za mtoto na kuziweka kwenye kikapu chake. Moja moja, kwa utaratibu. Nilikaa kitandani nikamwangalia mpaka kilipobaki kisweta.

"Mama," nikamwambia, "lile kovu la Baba Anje, la gotini, lilitoka wapi?"

Mkono ulisimama kwenye kisweta. "Alidondokea mafigani. Alikuwa anajifunza kutembea."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa napepeta mahindi. Palepale. Niligeuka tu." Akakichukua kisweta. "Niligeuka tu, mwanangu."

"Na waliandika nini?"

"Nani aandike? Nilimpaka ute wa yai." Alikaa pembeni yangu, kitanda kikalia. Akakiweka kisweta magotini, akakinyoosha kwa viganja kama anapiga pasi. Nilidhani atanikasirikia. Akasema, bila kuniangalia, "Uliniambia ulinusa?"

Sikuwa nimemwambia. Lakini alikuwa amepika maisha yake yote, na alikuwa ameniangalia ninavyowasha. Nikasema ndiyo. Nilinusa. Nilisema kwa mara ya kwanza, na sikulia.

"Basi na hilo uliandike," akasema. "Andika yote. Mimi nasubiri majibu hapahapa, siondoki na mtoto." Akaitoa ile nguo ya kwanza kwenye kikapu.

Niliandika mezani kwa Mwalimu Hadija, kati ya madaftari yake, jioni hiyohiyo, nakala tatu kwa mkono. Mwalimu alinirekebisha sehemu za kuanzia tu. Alitaka niondoe mstari wa mwisho, akasema siyo lugha ya kiofisi. Nikaukatalia. Mama mkwe alisomewa mara mbili, akasikiliza kichwa ameinamisha kama kanisani, kisha akaomba sufuria. Ile ya siku ile, ambayo sikuisugua, nilikuwa nimeiweka chini ya kitanda nikisema ni ushahidi bila kujua nitamwonyesha nani. Aliigeuza, akapitisha dole gumba kwenye masizi, akaligandamiza kwenye karatasi, kisha kwenye la pili na la tatu. Nakala mbili nilizipeleka kwa mkono wangu kesho yake, zahanati na kwa Mtendaji, wakazigonga muhuri wa kupokelewa. Ya tatu ndiyo hii, ninainakili kama ilivyo. Anje, ukiisoma, hili ndilo jibu la swali lako.

*

Mtaa wa Ruhuwiko,
Songea.

Mganga Mfawidhi,
Zahanati.

Nakala: Afisa Mtendaji wa Mtaa.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU NENO "UZEMBE" KWENYE KADI YA MTOTO WANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mama mzazi wa mtoto Anjela, umri miaka miwili na miezi minne, ambaye mlimtibu mkono wa kushoto. Kwa matibabu nashukuru.

Nalalamika kwamba mhudumu wenu aliandika kwenye kadi "uzembe wa mama" bila kuniuliza chochote zaidi ya mtoto alikuwa wapi. Neno hilo limesomwa kwa sauti mbele za watu, na kwa sababu yake nilikaribia kunyang'anywa mtoto.

Ukweli ni huu. Mafuta ya taa niliyouziwa yalikuwa yamechanganywa na petroli dukani kwa Mangi, kwa sababu madumu yanafanana na alama yake ni kitambaa kinachofunguliwa kufutia mizani. Mafuta yaliyobaki ninayo kwenye chupa ya soda, na karatasi lenye matone mawili nimeliambatanisha. Nilikuwa napikia chumbani kwa sababu jiko la nje limejaa mahindi ya mwenye nyumba. Nilinusa harufu tofauti kabla ya kuwasha, nikadhani ni mafua, nikawasha. Hilo ni kosa langu na nalikubali kwa maandishi. Lakini hayo mengine siyo yangu, na kwenye kadi yenu nimeandikwa peke yangu.

Naomba yafuatayo: neno hilo likatwe na liandikwe lililotokea, "mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli", na Mtendaji afike dukani aangalie madumu kabla mtoto mwingine hajaletwa kwenu. Sidai fidia.

Siku ya kliniki ijayo nitakuja na mtoto na kadi. Kalamu nitakuja nayo mwenyewe.

Mimi,
Mama Anjela (sahihi)

Shahidi: Mwalimu, jirani (sahihi)

Shahidi: Bibi wa mtoto, mzaa baba (dole gumba)